Mlio wa cheni wakuonya kabla mzigo haujalala njiani

BUSIA – Alfajiri, kabla malori hayajajipanga foleni, magunia ya samaki wadogo huwa yameshaanza kupandishwa kwenye pikipiki. Upande wa Uganda samaki hao ni mukene. Ukivuka hatua chache kuingia Kenya wanaitwa omena, na ukiwafuata hadi Mwanza ni dagaa. Jina linabadilika mpakani, lakini mlio unaotoka nyuma ya pikipiki haubadiliki: chak, chak, chak, chini ya kava la cheni. Mwenye mzigo anausikia. Mwendeshaji naye anausikia. Wote wawili wananyamaza, kwa kuwa pikipiki bado inatembea.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Cheni haikatiki ghafla bila taarifa. Hutoa sauti kwa wiki kadhaa, na kila sauti ina maana yake. Asiyeisikiliza hukutwa na siku ambayo nyanya, mayai au samaki wabichi vinakaa juani kando ya barabara huku mwendeshaji akitembea kwa miguu kutafuta kiungo cha kuunganishia. Na hiyo ni bahati nzuri. Cheni iliyokatika ikiwa kwenye mwendo inaweza kujikunja kwenye sproketi ya mbele ikapasua ganda la injini, au ikanasa na kulifunga gurudumu la nyuma. Mtu akiwa na magunia mawili mgongoni mwa pikipiki na gurudumu la nyuma likafunga kwenye mteremko, hatuzungumzii tena bei ya vipuri.

Busia ina haki ya kulizungumzia jambo hili kuliko miji mingi. Neno bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka huu, miaka ya 1960, vijana walipokuwa wakivusha abiria kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba cheni ya baiskeli zile na cheni ya pikipiki nyingi za leo zina kipimo kimoja cha msingi. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kipimo hicho, kama tutakavyoona, kinampa mfanyabiashara njia rahisi ya kumkagua fundi na muuza vipuri bila kubishana naye.

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu husema cheni imevutika, kana kwamba chuma kimerefuka kama mpira. Bamba za chuma hazivutiki kwa kubeba dagaa. Kinachotokea ni kwamba pini iliyo ndani ya kila kiungo inasuguana na bomba dogo linaloizunguka, na vumbi likiingia kati yao linafanya kazi ya msasa. Kila pini inapolika kidogo, kiungo kinapata nafasi ya kucheza, na nafasi hizo zikijumlishwa cheni nzima inakuwa ndefu. Urefu huo mpya haulingani tena na meno ya sproketi, ambayo nafasi zake zilichongwa kwa nusu inchi kamili. Ndipo cheni inapoanza kupanda juu ya meno badala ya kukaa kwenye mashimo yake, na ndipo kelele inapozaliwa.

Sasa tuzisikilize hizo sauti. Kabla ya kulaumu cheni, hakikisha kelele si ya injini. Mwendeshaji akiwa kwenye barabara tambarare, isiyo na magari, ashike klachi na aachie mafuta kwa sekunde chache. Injini itatulia. Kelele ikitulia pamoja nayo, tafuta ndani ya injini. Ikiendelea na kupungua polepole kadiri pikipiki inavyopunguza mwendo, kosa liko kwenye cheni, sproketi au gurudumu.

Mlio mkavu kama mlango wenye bawaba zenye kutu ni cheni iliyokosa mafuta. Huo ndio ugonjwa mwepesi kuliko yote, na safisha moja na mafuta huuponya. Lakini ukirudi kesho yake, jua kwamba kutu imeshaingia ndani ya viungo ambako mafuta ya juujuu hayafiki.

Kishindo kimoja, “tak”, kila mwendeshaji anapovuta mafuta au kuyaachia, kina maana kwamba kuna nafasi tupu mahali fulani. Huenda cheni imelegea tu. Huenda pia ni zile raba zilizo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, zinazopokea mshtuko kati ya sproketi na gurudumu. Kuzipima hakuhitaji vifaa: shika sproketi kubwa, izungushe mbele na nyuma huku gurudumu limezuiwa. Ikicheza sana kabla ya kulisukuma gurudumu, raba zimekwisha. Mafundi wengi huzisahau raba hizi, ambazo ni rahisi kuliko sproketi, wakauza cheni mpya ambayo nayo itapigwa na mshtuko ule ule.

Mvumo mwembamba unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, mara nyingi ni cheni iliyokazwa kupita kiasi. Huu ndio mlio hatari zaidi kwa mfuko, kwa sababu mwendeshaji huupenda. Pikipiki haipigi kishindo, cheni haichezi, anadhani amefanya kazi nzuri. Wakati huo huo beringi ya ekseli inayotoka kwenye gia inavutwa upande mmoja mchana kutwa. Ukiona oili inavuja nyuma ya sproketi ya mbele, uliza kwanza cheni imekazwaje kabla hujakubali kufunguliwa injini.

Halafu kuna ule mruko: pikipiki inapanda mlima na mzigo, mwendeshaji anavuta mafuta, na nyuma inasikika “kruk” huku pikipiki ikistuka kama iliyokanyaga jiwe. Cheni imeruka jino. Hapo safari imekwisha. Shusha mzigo, tafuta pikipiki nyingine.

Sauti inayoleta ubishi mwingi ni ile inayorudi kwa mpangilio, tik... tik... tik, wala haitoki. Hii ina dawa ya hesabu. Isimamishe pikipiki kwenye stendi kubwa, injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa huru, ile ambayo mafundi huita nyutro. Chora alama ya chaki kwenye tairi. Zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, na uhesabu. Tuchukue mfano wa pikipiki yenye sproketi ya mbele ya meno 14, ya nyuma meno 42, na cheni ya viungo 112. Mlio ukisikika mara moja kila alama ya chaki inapopita, kosa liko kwenye gurudumu lenyewe au sproketi ya nyuma: beringi, sproketi iliyopinda, au jino lililovunjika. Ukisikika mara tatu kwa mzunguko mmoja, ni sproketi ya mbele, maana 42 ukigawa kwa 14 unapata 3. Ukisikika mara moja tu kila gurudumu linapozunguka mara mbili na nusu hadi tatu, ni kiungo kimoja cha cheni, kwa sababu cheni nzima inahitaji takriban mizunguko hiyo kurudi pale ilipoanzia. Tafuta kiungo kilichokaza. Utakiona upande wa chini cheni inapotoka kwenye sproketi: badala ya kunyooka, kinabaki kimejikunja kama kidole chenye ugonjwa.

Fanya kazi hiyo injini ikiwa imezimwa. Ipo tabia ya kuwasha pikipiki kwenye stendi, kuingiza gia, kisha kushika cheni kwa kitambaa ili kuisafisha. Kitambaa kikinaswa, kinaingia na vidole. Vidole havina duka la vipuri, upande wowote wa mpaka.

Pikipiki nyingi za mizigo za huku kwetu zina kava linalofunika cheni yote, lenye tundu dogo na kizibo cha mpira cha kuchungulia. Baadhi ya waendeshaji hulitoa kava hilo ili kelele ipungue au ili kurahisisha ukaguzi. Wanajidanganya. Kelele hupungua kwa sababu kava halitetemeki tena, ila vumbi jekundu na tope sasa vina njia ya moja kwa moja. Afadhali kava lenye makelele kuliko cheni iliyo uchi.

Inchi kumi tu

Kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi kati ya mwenye pikipiki, mwendeshaji na fundi. Kinahitaji futi ya fundi cherehani au ya muuza vitambaa, basi.

Kwa kuwa kiungo kimoja ni nusu inchi, viungo 20 vya cheni mpya ni inchi 10 kamili, yaani milimita 254. Fungua kava, vuta cheni upande wa chini ikaze, na upime kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Angalia hapo: ni ya 21, si ya 20. Wengi huhesabu pini 20, wakapata viungo 19, wakafurahi kuona cheni yao ni fupi kuliko mpya.

Ukipata milimita 254 au 255, cheni bado ina afya na kelele inatoka kwingine. Ukipata 257, anza kuweka akiba. Ukifika 259, cheni hiyo imekwisha, hata kama inang'aa, hata kama fundi anaapa kwamba atatoa kiungo kimoja na itakaa sawa. Milimita tano zinaonekana ndogo, lakini maana yake ni kwamba kila kiungo kimelika kwa robo ya milimita. Kukata kiungo kunafupisha cheni. Hakurudishi chuma kilicholika kwenye viungo vilivyobaki. Pima mahali patatu tofauti, kwa sababu cheni hailiki sawasawa.

Sproketi nazo zinajieleza zenyewe. Jino zima lina mabega mawili yanayofanana. Jino lililochoka limelala upande mmoja kama wimbi linalotaka kuvunjika ufukweni, na likichongoka nchani limekwisha. Shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa na uivute kuelekea nyuma. Ikikaa imara, vizuri. Ikiinuka hadi ukaona nusu ya jino, usitafute ushahidi mwingine. Usiache kufungua kifuniko cha sproketi ya mbele, kwa sababu hiyo ndogo yenye meno machache huzunguka mara tatu wakati kubwa inazunguka mara moja, na kila jino lake linafanya kazi mara tatu zaidi. Huchoka mapema, tena ikiwa imejificha.

Mzigo hubadilisha kila kitu

Vijitabu vya pikipiki hutoa kipimo cha ulegevu wa cheni, na kwa pikipiki ndogo mara nyingi ni kati ya milimita 20 na 30 ukiisukuma juu na chini katikati ya upande wa chini. Soma kibandiko cha pikipiki yako. Lakini kipimo hicho huchukuliwa pikipiki ikiwa tupu, na mfanyabiashara wa mpakani hasafirishi hewa.

Mzigo unapowekwa, springi za nyuma zinashuka, na gurudumu linapanda ukilinganisha na fremu. Sproketi ya mbele, bawaba ya mkono unaoshika gurudumu, na ekseli ya nyuma zinakaribia kunyooka kwenye mstari mmoja. Zikiwa kwenye mstari huo, umbali kati ya sproketi mbili ndio mrefu kuliko wakati wowote. Cheni iliyoonekana imelegea kidogo asubuhi inakuwa kama waya wa gitaa baada ya magunia mawili kupanda. Kwa hiyo pikipiki ya mizigo irekebishwe kuelekea upande wa juu wa kipimo, si wa chini, kisha watu wawili wakalie nyuma na fundi aiguse cheni tena. Isipocheza kabisa, ilegezwe.

Kabla ya kukaza, gurudumu lizungushwe taratibu ili kutafuta mahali ambapo cheni imekaza zaidi, na ulegevu upimwe hapo. Fundi mwenye haraka hupima popote mkono wake ulipoangukia. Akipima mahali palipolegea, akakaza, basi pale palipokaza pataumia kila mzunguko. Tofauti kubwa kati ya sehemu hizo mbili ni alama nyingine kwamba cheni imefika mwisho. Na alama za pande zote mbili za ekseli zilingane. Gurudumu likikaa mshazari, cheni inakwaruza ubavu wa meno na utaona upande mmoja wa bamba umeng'aa kwa ndani.

Nani alipe?

Hapa tuseme wazi. Wafanyabiashara wengi hawaendeshi pikipiki zao. Wanazo moja au tatu, wanampa kijana, analeta hesabu kila jioni. Makubaliano ya kawaida ni kwamba matengenezo madogo ni ya mwendeshaji na makubwa ni ya mwenye chombo. Makubaliano hayo ndiyo yanayoua cheni. Kukaza ni dogo, kwa hiyo kijana anakaza, tena na tena, hadi marekebisho ya ekseli yafike mwisho. Seti mpya ni kubwa, kwa hiyo hataki kuwa mleta habari mbaya kwa tajiri. Mwenye pikipiki naye, akiambiwa, hununua cheni peke yake ili kupunguza gharama. Cheni mpya ya inchi kumi kamili inawekwa juu ya meno yaliyochongwa na cheni ya zamani, na kabla ya muda mrefu nayo imekuwa ndefu. Fedha iliyookolewa kwenye sproketi mbili imelipwa kwa kununua cheni mara ya pili.

Njia nafuu ni kuitenga seti nzima, yaani cheni na sproketi zote mbili, iwe jukumu la mwenye pikipiki, na kumwachia mwendeshaji mafuta na usafi. Kipimo cha milimita kiandikwe kwenye daftari la hesabu mara moja kwa mwezi. Kijana atasema mapema, kwa kuwa kusema hakumgharimu.

Ukienda dukani, upande wowote wa mpaka, jambo la kwanza ni namba iliyopigwa kwenye bamba za cheni. Pikipiki nyingi za kubebea mizigo hutumia 428. Ipo pia 420, na hapa wengi hukosea, kwa sababu zote mbili zina nusu inchi ile ile kutoka pini hadi pini. Tofauti yake ni upana wa ndani: 428 ina takriban milimita 7.9, na 420 ina takriban 6.4. Cheni ya 420 haitaingia kwenye meno ya 428. Ile ya 428 itaingia kwenye sproketi ya 420, ila itacheza pembeni na kuimaliza. Herufi H baada ya namba, yaani 428H, ina maana ya bamba nene zaidi, na kwa anayebeba magunia ndiyo ya kuulizia. Rangi ya dhahabu haiongezi nguvu yoyote. Laza cheni ubavu, ishike ncha moja na uinyooshe hewani: mpya hubaki karibu imenyooka, iliyotumika na kupakwa rangi huinama kama upinde. Hesabu viungo na meno ya sproketi za zamani kabla hujaondoka nyumbani.

Neno moja kwa wanaonunua kwa ajili ya kuuza. Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, unahusu bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya na zilizo katika orodha iliyokubaliwa. Cheni iliyotengenezwa India au China haiwi ya Jumuiya kwa sababu tu imenunuliwa Kampala au Nairobi. Beba risiti, na uulize dawati la forodha kabla ya kuvuka.

Kuhusu mafuta ya cheni, oili chafu inayotolewa kwenye injini ndiyo inayotumika zaidi kwa kuwa ni ya bure. Imejaa chembe za chuma na masizi, ambavyo ni msasa mwingine. Safisha cheni kwa mafuta ya taa na brashi, si kwa petroli, ifute ikauke, kisha uipake oili ya gia namba 90 kwa upande wa ndani, ili mzunguko uisukume kuingia kwenye viungo. Wakati mzuri ni jioni baada ya kazi, cheni ikiwa bado ina joto, ili oili ipate usiku kucha kupenya na ya ziada idondoke. Kilomita 500 ni kipimo kizuri, na anayetembea kilomita 100 kwa siku ahesabu siku tano. Ikinyesha, usingoje siku hizo.

Seti mpya ikishafungwa, angalia klipu ya kiungo cha kuunganishia. Upande wake uliozibwa utazame kule cheni inakokwenda, na ule wenye mwanya utazame nyuma. Ikiwekwa kinyume, jiwe moja linatosha kuichomoa. Klipu ya zamani isirudishwe. Mwendeshaji amrudie fundi baada ya kilomita 200 au 300 ili ulegevu upimwe tena, kwa kuwa cheni mpya hulegea kidogo inapotulia mahali pake, na hapo ndipo umbali wa kwanza uandikwe kwenye daftari.